Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, andika mambo yako ungali hai

Wazazi wenye mtoto wa kulelewa maisha yake yote wana swali wasilolitamka mbele ya wageni: nikifa, huyu atabaki na nani? Mtaani kwetu Kisauni hujibiwa haraka kwamba ndugu zake wapo. Kweli wapo, nami ni mmoja wao. Ila ndugu anayekuja kumlea mwenzake bila karatasi hana nguvu mbele ya benki, mahakama wala ofisi ya serikali, na huyo anayelelewa ndiye anayelala njaa huku watu wakitafuta muhuri.

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Ameshapita miaka 30, na bado huogeshwa, hulishwa kwa kijiko na hugeuzwa ubavu usiku asipate vidonda. Mama ndiye aliyemlea. Kupitia Inua Jamii ya serikali alikuwa akipokea pesa za mpango ulioanza mwaka 2011 kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa, wale ambao hawawezi kuachwa peke yao hata saa moja. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi zimekuwa zikitolewa kila baada ya miezi miwili. Pesa hizo za mwezi zinanunua pakiti mbili tatu za nepi za watu wazima, basi. Kiwango hicho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi. Katika muda huo unga umepanda, mafuta ya kupikia yamepanda, na dawa za kifafa zikikosekana hospitali ya umma tunazitafuta dukani kwa bei ya muuzaji.

Mama alipofariki, malipo yalisimama. Mlezi aliyeandikishwa alikuwa yeye, na hakukuwa na mwingine. Ofisini tuliambiwa tulete cheti cha kifo, barua ya chifu na kitambulisho cha mlezi mpya. Hapo ndipo tulipokwama, maana Mama alifia nyumbani na sisi huzika siku hiyo hiyo. Naibu wa chifu alitafutwa mbio kati ya kuosha maiti na sala ya jeneza ili kibali cha mazishi kipatikane, na kwenye kibali jina likaandikwa tofauti na lile la kitambulisho. Herufi moja tu. Miezi ikapita tukirekebisha herufi hiyo, na aliyepewa haki ya pesa hizo yuko kitandani, hajui kwa nini uji umekuwa mwepesi.

Kabla ya hapo kulikuwa na suala la kitambulisho chake mwenyewe. Vidole vyake vimekunjika ngumi tangu utotoni. Siku ya kuchukua alama tulimpandisha tuktuk asubuhi, nami nikaja na kichupa cha mafuta ya nazi. Nilimkanda kiganja taratibu mpaka kikalegea, karani akakamata kidole kimoja kimoja, akipaka wino, akikosa, akirudia. Karani yule alikuwa na subira na namshukuru. Lakini nawafikiria wazazi wengi walioona taabu hiyo wakasema kitambulisho cha nini, kwani ataenda wapi? Anakihitaji. Mtu mzima asiye na kitambulisho hakuna ofisi itakayomshughulikia bila mashaka.

Mwaka 2025 tulipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Mazungumzo mengi yalihusu kazi: asilimia tano ya nafasi zitengewe watu wenye ulemavu. Tayari aliyeajiriwa na mwenye cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA hakatwi kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Nafurahia hayo yote kwa dhati. Mdogo wangu, hata hivyo, hatakuwa na hati ya mshahara maishani mwake, na watu kama yeye hawatajwi sana kwenye mikutano. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kwa miaka mingi mpango wa ulemavu mkubwa ulihudumia kaya takriban 47,000 nchi nzima, wakati sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu laki tisa wenye ulemavu. Si wote wanaohitaji mlezi wa kutwa kucha, najua. Lakini kila mtaa unawajua waliostahili wakaachwa wasubiri usajili ufunguliwe tena.

Serikali tuidai. Na sisi wenyewe tukae kikao cha familia mapema, wazazi wakiwa na sauti.

Kwetu Waislamu fungu la mtoto huyu katika mirathi liko wazi, awe anasema au hasemi. Kinachopotea ni usimamizi. Wasia hauzidi thuluthi, na mrithi hausiwi ila wenzake waridhie, lakini mzazi anaweza kumpa hiba angali hai, au kuweka chumba wakfu kwa ajili yake. Wengi hapa Mombasa tuna nyumba ya vyumba sita, tena mara nyingi nyumba bila ardhi. Kodi ya chumba kimoja cha uani, ikiandikwa mbele ya mashahidi kuwa ni ya matunzo ya huyu mtoto, humsaidia kuliko ahadi ya mjomba. Kwa wasio Waislamu, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inawahesabu watoto wote kuwa wategemezi, na aliyepunjwa kwenye wasia anaweza kupigania haki yake mahakamani. Nani atampeleka mahakamani, ikiwa waliompunja ndio wanaomlisha?

Ndiyo maana napendelea amana. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kenya inatambua amana za familia: mali inawekwa chini ya wasimamizi, na kazi yao inaandikwa. Wakili hulipwa, na si kila mtu anamudu, ila kuna huduma ya msaada wa kisheria iliyowekwa na sheria ya 2016, na inafaa tuibishie hodi kwa wingi. Tazameni pia fomu ya mnufaika kwenye sacco na kwenye akiba ya uzeeni. Ukiandika jina la mtoto asiyeweza kutia saini wala kuendesha akaunti, umemwachia pesa asizoweza kuzigusa. Ukiandika jina la kaka yake peke yake bila maandishi mengine, pesa ni za kaka.

Kwa idara ya maendeleo ya jamii nina ombi moja linaloweza kutekelezwa hata kabla bajeti haijaongezwa. Siku ya kumsajili mtu mwenye ulemavu mkubwa, afisa asiridhike na mlezi mmoja. Amwulize mama: ukiugua au ukiondoka, nani atachukua? Huyo naye aitwe siku hiyo hiyo, atie saini, alama zake zichukuliwe, na aulizwe tena kila daftari linapokaguliwa kama bado yuko tayari.