Usimwue Mlinzi wa Mchungwa

Ndugu mkulima,

Umeingia shambani asubuhi. Majani ya mchungwa wako yana weusi kama masizi. Unageuza jani, unaona wadudu weupe wameng'ang'ania. Moyo unashtuka. Machungwa hayo ndiyo sare za watoto, ndiyo mabati ya nyumba. Mara unakwenda kuazima bomba la dawa.

Mimi nasema, ngoja kwanza. Tazama tena.

Karibu na wadudu hao huenda yupo mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi. Huyo hali mchungwa. Anakula wadudu hao. Ni mlinzi wako.

Waharibifu wakiongezeka, mlinzi hupata chakula kingi, naye huzaa sana. Wakipungua, naye hupungua. Hivyo waharibifu hawaishi kabisa, lakini hawazidi kiasi.

Ukipiga dawa kali unaua wote. Lakini waharibifu wachache hubaki mafichoni. Hao huzaa upesi, maana hakuna tena wa kuwala. Baada ya muda wanakuwa wengi kuliko mwanzo. Fedha yako imekwenda, na wadudu wamerudi.

Jambo hili limekwisha kutokea. Huko California, Marekani, wadudu weupe kama pamba walikaribia kuimaliza michungwa. Wadudu hao walitoka Australia. Mwaka 1888 mtaalamu Albert Koebele alitumwa Australia kumtafuta adui yao. Akampata mbawakawa mwekundu, akampeleka California. Kufikia mwisho wa mwaka 1889 wadudu weupe walikuwa wamepungua sana. Miaka ya 1940 wakulima wakaanza kupiga DDT, dawa iliyokuwa mpya wakati huo. Mbawakawa wakafa. Wadudu weupe wakarudi.

Wapo watakaosema, "Kungoja ni kupoteza machungwa." Ni kweli, mti ukizidiwa usikae kimya. Mwite bwana shamba. Lakini tibu mti ule unaoumwa, usipige dawa shamba zima.

Basi, kila wiki pita shambani ugeuze majani. Hesabu waharibifu, hesabu na walinzi. Walinzi wakiwapo, wape muda wafanye kazi. Zungumza na jirani yako pia, maana wadudu hawajui mpaka.

Ukimwua mlinzi wako, usimlaumu mwizi.