Ghuba ya Mnazi: Mgeni Haji, Mwenyeji Angoja

Mwaka 2000 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, eneo la kilometa za mraba 650, zikiwamo zaidi ya 200 za nchi kavu na mikoko. Ndani yake mna vijiji ambavyo watu wake wamekula kutokana na maji hayo tangu enzi za mababu: Msimbati, Nalingu, Litembe na vinginevyo. Waliambiwa kwamba nyavu za matundu madogo zikome, kwamba baadhi ya miamba isivuliwe, na kwamba watalii wakija na ada zao, neema itagawanywa. Sehemu ya kwanza ilitekelezwa upesi. Ya pili ingali yangojwa.

Hatusemi kwamba kuihifadhi bahari ni dhuluma. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi utokao mashariki hufika pwani karibu na Rasi Delgado, ukagawanyika, tawi moja likaelekea kaskazini na jingine kusini. Mayai ya samaki na vichanga vya matumbawe huchukuliwa na maji hayo hadi pwani za mbali. Kwa hiyo mwamba ukivunjwa Msimbati, hasara haiishii Msimbati. Kasa hupanda mchangani kutaga. Mikoko ya Ruvuma hulea kamba na samaki wachanga. Na baruti iliivunja miamba hii kweli kweli. Lakini ni nani waliosimama kuipinga? Katika miaka ya 1990, kabla hifadhi haijakuwapo, wavuvi na wanavijiji wa pwani ya Kusini waliungana katika chombo kilichoitwa Shirikisho, wakadai wapigaji baruti wachukuliwe hatua. Yapasa jambo hili likumbukwe kila mara mwanakijiji anapotajwa kuwa adui wa bahari.

Sheria yenyewe haikumsahau. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 yaagiza wakazi washirikishwe katika hatua zote za kupanga na kusimamia, wapate sehemu ya manufaa, tena wawe na kipaumbele katika matumizi ya rasilimali na katika fursa za uchumi zitokanazo na hifadhi. Kipaumbele, si masalio. Mama aendaye kutanda dagaa au kuchokoa pweza maji yakipwa hana mashua ya kumfikisha kina kirefu. Akizuiwa mwamba wa karibu, chungu chake cha siku hiyo hakiinjikwi.

Wakati huohuo, gesi asilia iliyogunduliwa hapa mwaka 1982 yachimbwa ndani ya hifadhi hiyohiyo, na tangu mwaka 2015 yasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mwenye juya huambiwa kwamba bahari ni dhaifu, haivumilii. Mwenye kisima huambiwa kwamba upo utaratibu. Sisi tulioziona ghasia za Mtwara za mwaka 2013, zilizogharimu maisha ya watu, hatuna budi kufahamu jinsi tofauti ya namna hiyo inavyouma.

Turudi kwa watalii. Mafia, hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, iliyotangazwa mwaka 1995, huwapata wageni waendao kupiga mbizi na kuwatazama papa potwe, nayo iko karibu na Dar es Salaam kwa ndege. Mtwara ni mbali. Tena mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa Uviko, na mwezi Oktoba mwaka huohuo kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kikashambuliwa na waasi kutoka Msumbiji. Baadaye Uingereza ikawaonya raia wake wasiende karibu na mpaka huo pasipo jambo la lazima. Mvuvi wa Nalingu hakulisababisha hata moja kati ya hayo, bali ndiye aliyekwisha kutoa malipo yake: mwamba alioacha kuuvua. Utalii ukija, ni heri. Lakini si haki malipo ya mwenyeji yategemee safari ya mgeni. Fidia ya kujinyima kwake na itoke katika mfuko ulio na kitu, na mfuko huo ni gesi.

Viongozi wa jumuiya, wengi wa ndugu zetu wa vijiji hivyo ni Waislamu. Kamati zetu za haki na amani zisidhani kwamba suala hili ni la wengine. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kisheria kuitishwa kila miezi mitatu. Nendeni na wazee wa msikiti, na akina mama wa pwani waketi mbele. Ulizeni ada za hifadhi zilizokusanywa mwaka uliopita ni kiasi gani, na kijiji kilipata nini. Ni akina nani waliopewa nyavu mbadala. Na halmashauri ilitumiaje ushuru wa huduma utokanao na gesi. Ombeni majibu yasomwe hadharani, yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ibaki kijijini.