Kinga dhidi ya zebaki ianzie kwenye maungio ya retoti

Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Huko Rwamgasa, wilayani Geita, wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma donge linalopatikana ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kijiji hicho kilikuwa miongoni mwa maeneo ya Mradi wa Kimataifa wa Zebaki uliosimamiwa na UNIDO. Uchunguzi wa afya uliofanyika huko ulionyesha kuwa wachomaji walikuwa na zebaki nyingi mwilini kuliko watu wasioishi machimboni.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni mmoja: tumia retoti, yaani chombo kilichofunikwa ambacho hunasa mvuke na kuupoza urudi kuwa zebaki. Ushauri huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Retoti inayovuja ni hatari mara mbili, kwa kuwa humpa mchomaji imani ya kusogea karibu na moto.

Wahandisi wa leza za gesi walikwisha kujifunza somo hili. Leza ya kwanza ya aina hiyo, ya heliamu na neoni, iliwaka Desemba 1960 katika maabara ya Bell, Marekani. Mirija iliyofungwa kwa gundi ilipitisha heliamu nje kidogo kidogo na kuingiza hewa, hata mwanga ukafifia. Maungio yalipoanza kufungwa kwa kioo kilichoyeyushwa, mirija ikadumu kwa maelfu ya saa. Gesi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maungio.

Fundi wa kuchomelea wa Geita hana haja ya maabara ili kuufuata msingi huo. Chombo kiwe cha chuma, kwa sababu zebaki hushikamana na shaba na aluminiamu na kuziharibu. Bomba lililopakwa zinki lisitumike, kwani zinki nayo hushikamana na zebaki, na ikipata moto hutoa moshi wenye madhara. Kifuniko kikae sawasawa juu ya mdomo wa chombo na kukazwa kwa bolti. Bomba la kupoza liwe refu na literemke, lakini ncha yake isizame majini, maana chombo kinapopoa huweza kuvuta maji ndani na kulipuka. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Kwa hiyo kifuniko kisifunguliwe kabla chombo hakijapoa kabisa.

Wachimbaji wana hoja zao, nazo zisidharauliwe. Retoti huchukua muda, dhahabu haionekani ikiwa ndani, na pengine hutoka na rangi ya kahawia ambayo mnunuzi huitilia shaka. Hoja hizo hazijibiwi kwa karipio. Zinajibiwa kwa chombo kinachotengenezwa karibu, kinachoweza kukarabatiwa kwa nati inayopatikana dukani, na kinachojaribiwa mbele ya watumiaji wenyewe. Mradi unaogawa vyombo na kuondoka bila kumwachia fundi ujuzi huacha vyuma chakavu.

Watumishi wa afya nao wana wajibu. Mgonjwa anayetetemeka mikono, anayekosa usingizi au kusahau mno asiulizwe tu kama anatumia retoti. Aulizwe inafungwaje, inachomewa wapi na nani hukaa karibu. Zebaki hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Hivyo mama mjamzito anayepika kando ya mchomaji naye yumo hatarini, hata kama hajawahi kugusa donge.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unataka uchomaji wa wazi na ule wa kwenye makazi ukomeshwe. Mpaka zebaki yenyewe itakapoachwa, kinga isihesabiwe kwa idadi ya retoti zilizogawiwa. Ihesabiwe kwa retoti ambazo baada ya mwaka mzima wa kazi bado hazivuji.