Maiti Haandiki Barua: Acheni Kuzika Kompyuta Zilizo Hai

Nimerudi kutoka BTP Ivuna, na kabla sijaanza kulalamikia bumu lililochelewa kama kawaida yangu, leo naomba tugombane kidogo. Nagombana na neno moja tu: "imekufa".

Kwa wasiopajua, Ivuna iko Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Ukisikia joto, ndiko. Shule niliyopangiwa (jina naliweka mfukoni) ina kompyuta za mezani 11. Nne zilikuwa zinafanya kazi. Saba zilikuwa stoo, zimerundikwa juu ya madawati mabovu, kila moja imebandikwa karatasi imeandikwa BOVU. Na huko darasani watoto walikuwa wanajifunza kibodi kwa mchoro wa ubaoni. Ndiyo, mchoro! Mwalimu anachora vitufe kwa chaki, watoto wanabonyeza hewa.

Nikauliza zina ugonjwa gani. Nikaambiwa diski za ndani zilikufa, akaitwa fundi kutoka mjini, akaja na flashi yake na diski ya nje, akachomeka, mashine zikagoma kubuti. Akasema mazabodi zote zimekufa, akapewa nauli yake, akaondoka. Hukumu imetoka, maziko yamefanyika, rufaa hakuna.

Sasa hapo ndipo ninapogomba. Mashine zile ukiziwasha, feni inazunguka, kioo kinawaka, kisha kinaandika kwa Kiingereza safi kwamba hakuna diski ya kuanzia. Jamani, maiti haandiki barua! Kompyuta ikifika hatua ya kukuandikia maneno hayo, maana yake umeme unaingia, prosesa inafanya kazi, memori imeshakaguliwa na mazabodi inaongea na kioo. Inachosema ni kwamba, "Mimi nipo, nimetafuta pa kuanzia sijapaona." Hilo ni ombi la msaada. Wewe unajibu kwa kuibandika karatasi!

Na sababu za kompyuta kutokuiona flashi au diski ya nje siyo uchawi wa Sumbawanga. Zinahesabika kwa vidole.

Ya kwanza ni foleni. Ndani ya BIOS kuna orodha ya nani aanze kuulizwa, na mara nyingi diski ya ndani ndiyo imewekwa mbele. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ukibonyeza F12 wakati inawaka unapata menyu ya kuchagua. HP nyingi ni F9. Na kuna BIOS za zamani ambazo flashi inajificha ndani ya orodha ya diski ngumu, huioni mpaka uifungue orodha hiyo na kuipandisha juu.

Ya pili ni flashi yenyewe. Kunakili faili la ISO kwenye flashi kama unavyonakili wimbo wa bongofleva hakuifanyi ibuti. Lazima iandikwe kwa programu ya kazi hiyo, mfano Rufus, tena kwa mtindo ambao mashine inauelewa. Kompyuta za zamani zinajua BIOS na mpangilio wa MBR. Ukiletea flashi iliyoandaliwa kwa UEFI peke yake, inaipita kama haipo. Za kuanzia enzi za Windows 8, mwaka 2012, nyingi zina kufuli liitwalo Secure Boot, nalo linaweza kuikataa flashi nzima kabisa.

Ya tatu ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepimwa kutoa miliampea 500 tu. Diski ya nje inayozunguka inaweza kutaka zaidi ya hapo, hasa wakati wa kuanza. Chomeka tundu la nyuma, siyo lile la mbele lililolegea.

Ya nne ni betri ndogo ya CR2032, ile kama sarafu. Ikiisha, kila umeme ukikatika mashine inasahau tarehe na mpangilio wote uliouweka. Leo inabuti, kesho haibuti, watu wanasema ina mapepo. Betri ya bei ya soda!

Ya tano, na hii mafundi wengi hawaisemi: Windows ya kawaida haikutengenezwa kuishi kwenye diski ya nje. Kulikuwa na toleo maalumu la kutembea nalo, Windows To Go, na Microsoft waliliondoa mwaka 2020. Kwa hiyo ukichomoa diski ya laptopu yako ukaitia kwenye kasha la USB ukategemea iwashe kompyuta ya shule, ikigoma usiseme mazabodi imekufa. Linux, tofauti na hiyo, inaanza kwenye flashi bila kinyongo.

Matokeo ya zile saba? Tatu zilikuwa foleni tu. Moja betri. Moja prosesa yake ni ya biti 32, ikataka Debian 12 ya mwaka 2023 ambayo bado ilikuwa na toleo la mashine hizo. Mbili kweli zimekufa, na hizo nimezikubali, siyo mlokole wa kufufua kila kitu. Tano zinabuti kwa flashi mpaka leo. Tano!

Najua mtakavyonijibu. "Wewe ni mwalimu wa Historia na Kiswahili, BIOS inakuhusu nini?" Inanihusu kwa sababu fundi yuko Tunduma na watoto wako Ivuna. "Mali ya serikali haiguswi." Sawa, lakini nilipewa ruhusa, na ukichagua kujaribu bila kusakinisha, mfumo unaendeshwa kutoka kwenye flashi na diski ya ndani haibadilishwi. "Linux ni ngumu." Ngumu kuliko kibodi ya chaki? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 iliyopita! Leo sisi ndio tunaogopa?

Lawama kubwa naileta kwetu wenyewe, walimu tarajali. Tulipiga desa la vifaa vya kuingizia na vya kutolea, tukaandika UE, tukafaulu. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuingia kwenye BIOS hata mara moja? Tunajua kutaja mazabodi, hatujui kuisikiliza.

Na wakati huu si wa kuchezea. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa za karibuni, vitu ambavyo kompyuta nyingi za msaada mashuleni hazina. Kwa hiyo karatasi za BOVU ndiyo kwanza zinaanza kuchapwa. Mwalimu asiyejua kubutisha mashine kwa flashi atakuwa anasaini hati za mazishi.

Halafu jambo hili litokee Ivuna, mahali pa aibu zaidi kulisema neno hilo! Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka pale kimondo. Kilichookotwa hakifiki hata kilo moja, jiwe jeusi, laini, ungelidhania mkaa. Wanasayansi hawakulitupa. Walilipima kwa uangalifu mpaka jina la Ivuna likaingia kwenye sayansi: kundi zima la vimondo linaitwa CI, na ile I ni Ivuna. Hata udongo wa sayari ndogo ya Ryugu, ulioletwa duniani na chombo cha Japani Desemba 2020, walipoupima waliukuta unafanana na vimondo vya kundi hilo. Watu wa mbali wamelisikiliza jiwe la Ivuna kwa zaidi ya miaka 80, sisi tunashindwa kuisikiliza kompyuta ya Ivuna dakika kumi?

Kwa hiyo mnaoenda BTP zamu ijayo, pamoja na ndoo na chandarua, bebeni flashi mbili, moja ya biti 64 na moja ya 32, na betri moja ya CR2032. Mkifika, kabla ya kuuliza nyumba ya mwalimu iko wapi, ombeni ufunguo wa stoo.

Haya, kengele ya lekcha imenikuta. Tuko pamoja.