Dawa Zilizofichwa Kihengeni



Juma lililopita niliitwa katika nyumba moja hapa Samuye. Kijana aliyerudi kutoka machimboni Geita alikuwa amelala, homa imempanda, tezi za shingo zimevimba hata hawezi kugeuza kichwa. Ulikuwa mwezi wake wa pili wa dawa za kifua kikuu na juma la tatu la dawa za kufubaza VVU. Mwanzoni alipata nafuu. Mama yake akaniambia waziwazi: "Baba, dawa ndizo zinazomwua mwanangu. Nimezificha." Nami, niliyesoma falsafa na teolojia miaka yote ile, sikuwa na jibu. Nilinyamaza, na ukimya wangu akauchukua kuwa idhini.

Usiku ule nilisoma, kisha nikamwuliza mganga wa zahanati. Zile CD4 tunazosikia zikihesabiwa kliniki ni seli T, yaani seli za kinga zinazokomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Miongoni mwake zimo zinazochochea mapambano, na ndizo zinazoleta homa na uvimbe. Na zimo zinazotuliza. Mjapani Shimon Sakaguchi alizionyesha hizo za kutuliza mwaka 1995, wakati ambapo wenzake wengi hawakuamini kwamba zipo. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walieleza jeni iitwayo FOXP3. Ikiharibika, mwili hujishambulia wenyewe. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Wazee wetu watanielewa upesi. Sungusungu walipoanza huku Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walikimbia. Lakini pale ambapo hapakuwa na mzee wa kusema "basi, inatosha", hata asiye na hatia alipigwa.

VVU huwamaliza askari hao, na vijidudu vya kifua kikuu hukaa mwilini bila kusumbuliwa sana. (Vumbi la mawe ya dhahabu, maduarani na kwenye karasha, huwa limekwisha kuyadhoofisha mapafu.) Dawa zikivifubaza virusi, askari hurudi kwa wingi na kwa ghafla, huvikuta vijidudu, hata mabaki ya vilivyokufa, na vita huzuka bila kiasi. Tezi huvimba, homa hupanda. Mara nyingi hutokea katika miezi mitatu ya kwanza. Mgonjwa huonekana kuzidiwa wakati kinga yake ndiyo inayofufuka.

Sisemi kwamba kila homa ni hiyo. Yaweza kuwa kifua kikuu sugu, au ugonjwa mwingine kabisa, na ndiyo maana mgonjwa apelekwe kliniki, asiamuliwe sebuleni. Lakini kuacha dawa ni kumrudishia adui nyumba.

Hapa sina budi kusema jambo litakalowaudhi baadhi yenu, maana wauzaji wengine ni waumini wetu. Minadani zinauzwa chupa za "kuongeza kinga", na kijana yule alikuwa amenunuliwa mbili. Kinga si maji ya kisima kwamba yakiongezeka ni heri tu. Huyu alihitaji kutulizwa: daktari alimpa prednisoni, dawa ambayo utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa hupunguza hali hii kwa walio katika hatari kubwa. Hupimwa na daktari, wala haifai kununuliwa kiholela, kwa sababu huishusha kinga.

Nilirudi kwa yule mama siku ya tatu nikamwomba radhi. Aliingia kihengeni, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. Vidonge vya siku tano vilikuwa havijaguswa. Tulikwenda naye CTC asubuhi ile ile.

Jana shingo ilikuwa bado nene, ila alikula ugali. Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani asingoje Jumapili. Mlango wangu uko wazi, na pikipiki ya parokia ina mafuta.