SHERIA ZA MAJI SI ZA KOMISERE PEKE YAKE



Trimesta inakaribia kwisha, na katika mabweni kila mmoja ameanza kuhesabu siku za kurudi kwao. Kwa shule yetu iliyo juu ya kisiwa, kurudi nyumbani maana yake ni kupanda chombo cha maji. Mwenye kwenda Kalehe, mwenye kwenda Katana, mwenye kwenda Bukavu ao Goma, wote ni abiria. Kwa hiyo sisi makapita wa mwaka wa mwisho tumeona ni vema kuandika juu ya jambo hili mbele ya likizo, si nyuma yake.

Maoni yetu ni haya: sheria za usalama wa maji ziko. Kinachokosa ni watu wa kuzishika. Na watu hao si wakubwa wa serikali peke yao, ni sisi pia tunaopanda.

Wako wanaosema: «Huku kwetu hakuna sheria, kila mutu anafanya vile anataka.» Si kweli. Inchi yetu iko na kitabu cha sheria za usafiri wa mito na maziwa tangu mwaka 1966. Viongozi wamekataza mara nyingi vyombo kusafiri usiku. Mwezi wa nne wa mwaka 2019, chombo kimoja kilizama katika ziwa letu la Kivu upande wa Kalehe, na watu karibu 150 wakahesabiwa kuwa wamepotea. Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe yeye mwenyewe, akaagiza kwamba kila abiria avae jile ya kuokolea. Basi neno lilitoka kwa mkubwa wa inchi, na kila mtu alilisikia kwa redio.

Lakini tuangalie yaliyofuata. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyoitwa Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Wakati ule vita ilikuwa imefunga barabara, na watu wengi pamoja na vyakula vyao walipita kwa maji. Boti ilikuwa imejaa kupita kipimo, na wengi hawakuwa na jile. Ilipinduka karibu na Kituku, watu wa gatini wakiiona kwa macho. Makumi ya watu walikufa mbele ya mlango wa safari yao. Kutoka agizo la 2019 mpaka siku ile ilikuwa imepita miaka mitano na zaidi.

Si ziwa letu tu. Mwezi wa pili 2021, katika jimbo la Mai-Ndombe, chombo kilichobeba mamia ya watu kilizama usiku karibu na Longola Ekoti, na maiti 60 zikaokotwa. Mwezi wa nne 2025, karibu na Mbandaka, boti ya mbao ilishika moto kwa sababu mtu alikuwa anapika ndani yake. Waliokufa walipita 100. Huku ni kujaza, kule ni usiku, pale ni moto. Lakini mambo yote matatu mtu mwenye akili anayajua mbele ya kupanda.

Tueleze kidogo namna boti inavyopinduka, maana wengi wanafikiri ni bahati mbaya ao ni uchawi. Chombo kinasimama vizuri juu ya maji wakati uzito wake uko chini. Ukiweka mifuko ya makala, ndizi na mananasi, halafu juu yake watu, halafu juu ya watu kuku na matandiko, uzito unapanda juu. Hapo wimbi ndogo linatosha. Na ukingo wa boti ukibakia kiganja kimoja tu kutoka majini, kuyumba mara moja kunaingiza maji, na maji yakiingia yanakimbilia upande ulioinama na kuongeza kuinama. Mwalimu wetu wa fizika alitufundisha mambo hayo kwa ubao. Ziwa linayafundisha pia, lakini lenyewe halirudilii somo.

Tena kuna hatari moja ambayo wengi hawaifikiri, ni hatari ya kufika. Watu wanaona gati, wanasimama wote pamoja, wanakimbilia upande mmoja kutafuta mizigo. Katika ziwa Victoria, tarehe 20 mwezi wa kenda 2018, kivuko cha Tanzania kinachoitwa MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliandikiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walipita 220. Ukara ni kisiwa kama chetu, na watu wake wanaenda sokoni kama mama zetu. Kwa hiyo tunawaambia wadogo wetu: boti ikikaribia, ukae. Gati halitakimbia.

Sasa tuje kwa swali kubwa. Kwa nini sheria inashikwa mahali pengine na huku inabakia karatasi? Tutoe mifano miwili ya Uingereza, si kwa kuwasifu wazungu, lakini kwa sababu wao pia walianza vibaya.

Wa kwanza ni alama ya uzito. Zamani wenye meli kule walijaza vyombo kupita kipimo, na mabaharia wakafa. Samuel Plimsoll, mtu wa Bunge, alipigana mpaka mwaka 1876 sheria ikalazimisha kila meli kuchorwa alama ubavuni: maji yakifunika alama, meli imejaa. Lakini sheria ile ilimwachia mwenye meli kuchagua mwenyewe mahali pa kuchora! Ilihitaji kungoja mpaka 1890 ndipo mahali pa alama pakapimwa kwa sheria. Somo letu ni hili: mwenye kupata feza kwa kila kichwa asiwe yeye peke yake wa kusema boti imejaa ao bado.

Wa pili ni daraja la kufunguka. Huku Kivu hatuna daraja la namna hiyo. Katika inchi yetu daraja kubwa la Matadi, lililofunguliwa mwaka 1983 na lenye urefu wa metre 722, lilijengwa juu sana ili meli zipite chini. Lakini mjini London kuna Tower Bridge, la tangu 1894, ambalo sehemu yake ya katikati inapasuka mara mbili na kuinuka. Sheria yake ni nyepesi: mwenye meli anaomba kwa maandiko angalau masaa 24 mbele, saa ikifika, motokari zinasimamishwa, njia inafungwa, daraja linainuka, meli inapita. Chombo cha maji ndicho chenye haki ya kupita kwanza. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton wa Marekani alikuwa anapita juu ya daraja lile na msafara wake wa motokari. Saa ya mashua moja ya tanga iliyoitwa Gladys ilikuwa imefika, daraja likafunguka, na msafara wa Rais ukakatwa vipande viwili. Msafara ule ulingoja kama mchuuzi wa karanga.

Tunapenda hadisi hii kwa sababu ya gati zetu. Huku mwenye boti akiambiwa «imejaa», anajibu: «Huyu ni mutu wa mukubwa fulani, lazima apande.» Kesho yake kila mtu anakuwa mtu wa mkubwa fulani. Sheria inayoinama mbele ya mtu mmoja inavunjika mbele ya wote.

Tunajua majibu ya wenzetu, maana tumeyasikia katika refektware. Tuyajibu moja moja.

Wengine wanasema: «Jile ni ya waoga, tena inaharibu uniforme.» Ndugu, jile haiulizi kama unajua kuogelea. Mwogeleaji hodari akianguka usiku, amevaa viatu na koti, na watu watatu wanamshika shingo, anaenda chini pamoja nao. Na jile iliyofungwa kamba pamoja chini ya mizigo si jile. Ndani ya maji hakuna nafasi ya kuanza kufungua mafundo. Inavaliwa gatini, inafungwa gatini.

Wengine wanasema: «Mungu atatulinda.» Tunaamini hivyo, na tunaimba hivyo kila asubuhi. Lakini tusome Torati, Kumbukumbu 22:8. Mtu akijenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mungu hakusema «jengeni tu, nitadaka wenye kuanguka». Aliagiza ukingo. Jile na kipimo cha abiria ndio ukingo wa dari letu.

Wengine, na hawa tunawaheshimu zaidi, wanasema: «Sisi ni maskini. Boti nzuri ni bei kali. Tufanye namna gani?» Jibu hili ni gumu. Mwanafunzi aliyepewa na mzazi franga za kutosha mtumbwi wa motere tu hawezi kupanda boti kubwa kwa hotuba zetu. Tena chombo kidogo si kibaya kwa udogo wake. Kinakuwa kibaya kikijazwa. Kwa sababu hiyo hatusemi kila mmoja ajitegemee. Tunasema tujipange pamoja, maana mtu mmoja akikataa kupanda wanamcheka na kumwacha, lakini wanafunzi 20 wakikataa pamoja mwenye boti atateremsha mifuko. Feza ya watu 20 inasikika.

Basi haya ndiyo tunayoomba.

Kwa wanafunzi wote: siku ya kurudi tusafiri kwa vikundi, kila kikundi kwa njia yake. Kikundi kiwe na mkubwa mmoja mwenye karatasi ya majina, mbili zilizo sawa: moja anabeba, moja inabakia kwa ofisi ya shule. Hii orodha si kitu kidogo. Vyombo vikizama katika inchi yetu, viongozi wanatoa hesabu zinazopishana, maana watoto na waliopandia njiani hawakuandikwa. Mtu asiyeandikwa anapotea mara mbili: majini na katika vitabu. Mkubwa wa kikundi aangalie mambo manne mbele ya kulipa: ukingo uko juu ya maji vizuri? Kila mtu ana jile mwilini? Jua liko bado juu? Hakuna anayewasha mbabula ndani? Moja likikosa, kikundi hakipandi.

Kwa wazazi watakaosomewa barua hii: mtoto akichelewa siku moja kwa sababu alikataa boti iliyojaa, musimkasirikie. Mumusifu.

Kwa wakubwa wetu, Bwana Prefe na walimu, tunaomba kwa heshima mambo mawili. La kwanza: siku ya proklamasio tuanze asubuhi mapema, na hotuba ziwe fupi. Sherehe ikimalizika saa tisa, mwenye kwenda mbali anafika gatini saa kumi na moja, na hapo vyombo vinavyobakia ni vile vya usiku, ambavyo vimekatazwa. Kwa njia hiyo shule inasukuma watoto kuvunja sheria ya serikali bila kutaka. Tunajua kwamba wageni wa heshima wanachelewa kuja. Lakini kama msafara wa Rais wa Marekani ulingoja mashua, wageni wetu wanaweza kukuta tumeanza.

La pili: komite ya shule inunue jile pole pole, hata 10 kwa mwaka, kwa feza ya shamba la wanafunzi. Sisi wa mwaka wa mwisho tuko tayari kulima masaa ya juu siku ya posho kwa kazi hiyo, hata kama sisi hatutazivaa, maana nyuma ya egzamini ya Serikali tutakuwa tumeondoka. Jile zikae kwa ofisi, ziandikwe, zitoke na kikundi na kurudi na kikundi.

Na kwa wakubwa wa gati: tunaomba kila chombo kichorwe alama ya rangi nyekundu ubavuni, iliyopimwa na mtu wa serikali, si na mwenye boti. Alama ile hata mama asiyejua kusoma ataiona, naye atakuwa na neno la kusema. Sheria iliyo ndani ya kitabu inasomwa na komisere. Sheria iliyochorwa juu ya mbao inasomwa na kila mtu.

Wenzetu, tutakutana gatini siku ya likizo. Makapita wa vikundi watatangazwa juma lijalo baada ya ibada ya asubuhi. Kila mmoja alete jina lake, kijiji chake na njia atakayopita. Asiyejiandikisha asituambie kesho kwamba alikuwa na haraka. Ziwa halina haraka, na kilindi chake ni karibu metre 480.

Safari njema kwa wote, na mrudi wote.

Kwa jina la makapita,
Kapita mkuu wa wanafunzi, mwaka wa sita