Safari ya Kujifunza Uhandisi Isiwe Biashara

Katika shule za sekondari za Kibondo na Kasulu, kama ilivyo katika shule nyingine nchini, wamo vijana wenye vipaji vya hisabati na fizikia ambao siku hizi hupata habari za masomo ya uhandisi yatolewayo ughaibuni katika majira ya joto ya nchi za Kaskazini, yaani kati ya Juni na Agosti. Masomo hayo huchukua wiki mbili hadi sita. Mwanafunzi hulala chuoni, hufundishwa misingi ya umeme, mitambo, ujenzi au kompyuta, hutengeneza kitu kwa mikono yake, kisha hurejea kwao.

Hamu ya vijana hao ni jambo la kutiwa moyo. Hata hivyo, hamu isiyoongozwa huweza kumwingiza mzazi katika hasara na kumvunja moyo mtoto. Ndiyo maana wakuu wa shule, maofisa elimu na walimu wa sayansi wa wilaya hizo hawana budi kujua namna ya kupambanua programu iliyo ya elimu na ile iliyo ya biashara, na namna ya kuamua nani aende, lini, na kwa kazi gani.

Wananchi wa Buha wanaijua safari ya mbali. Katika enzi za utawala wa Mwingereza nchi yao iligeuzwa kuwa ghala la vibarua. Maelfu ya wanaume wa Kibondo na Kasulu waliandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Na tangu mwaka 1944 chombo maalumu cha wenye mashamba, kilichojulikana kwa jina la SILABU, kilisimamia uandikishaji huo. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alipofika huko namba ilitangulia jina lake. Barabara, reli na bandari vilipangwa kwa faida ya mashamba ya wengine. Mkoa uliotoa nguvukazi ulibaki nyuma kwa ujuzi. Kijana wa leo anayetoka wilaya hizo kwenda kujifunza uhandisi anaigeuza historia hiyo, mradi safari yake iwe na faida kwake na kwa alikotoka. Akipelekwa kwa mpango wa mtu mwingine, kwa gharama ya familia yake na kwa faida ya mwenye kuuza nafasi, atakuwa amerudishiwa unamba kwa sura mpya.

Taifa hili halikuanza leo kupeleka vijana ng'ambo kusomea ufundi. Kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzisha Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, Mtanzania aliyetaka shahada ya fani hiyo alilazimika kuifuata nje ya nchi. Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa Reli ya Uhuru. Wakati reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ilipokuwa ikijengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kujifunza uendeshaji na uhandisi wa reli kuanzia mwaka 1972. Walijua wanajifunza nini, na walijua injini, karakana na stesheni zilizowangoja. Reli ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976, wataalamu wazalendo walikuwapo. Funzo la mfano huo ni wazi: safari ya masomo huzaa matunda pale ambapo kazi inamngoja msafiri nyumbani.

Je, ipo kazi inayomngoja mhandisi kijana wa Kibondo na Kasulu? Ipo tele. Mwaka 2022 Gridi ya Taifa ilifika Kasulu na majenereta ya dizeli yakazimwa. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 260, ilipangwa kuyaunganisha maeneo hayo kwa lami na mikoa mingine na nchi jirani ya Burundi. Huko Igamba, katika Mto Malagarasi, mradi wa umeme wa megawati 49.5 uliwekwa katika mipango ya Taifa. Nyaya hizo, madaraja hayo na mitambo hiyo vitahitaji watu wa kuvitunza kwa miaka hamsini ijayo. Aidha, ziko kazi ndogo zisizoandikwa katika mikataba mikubwa: mashine ya kukamua mawese isiyopoteza mafuta, kikaushio cha muhogo wakati wa masika, pampu ya maji ya kijiji kilichoko mlimani, jiko linalotumia kuni chache katika vijiji vilivyo jirani na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, ambako misitu imeelemewa. Huo ndio mtihani wa uhandisi utakaomkabili kijana atakaporudi.

Kwa hiyo kila programu ya ughaibuni ipimwe kabla mzazi hajatoa hata shilingi moja, na kipimo cha kwanza ni nani anayelipa. Zipo programu zinazomchuja mwanafunzi kwa uwezo wake na kisha kumgharimia. Research Science Institute, iliyoanzishwa mwaka 1984 na inayofanyika kwa wiki sita katika chuo cha MIT huko Marekani, haimtozi mwanafunzi ada, malazi wala chakula. Zipo pia nyingine, nyingi zaidi, zinazokodi mabweni ya chuo mashuhuri na kuuza wiki mbili au tatu kwa maelfu ya dola. Jina la chuo huandikwa kwa herufi kubwa katika tangazo, ilhali chuo chenyewe hakihusiki na mafunzo wala hakimhakikishii mwanafunzi nafasi ya kujiunga baadaye. Barua ya programu ya namna hiyo humwambia mtoto kwamba "ameteuliwa", kumbe sifa pekee iliyotazamwa ni uwezo wa kulipa. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Hesabu yake ni rahisi. Programu inayotoza dola 6,000, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola moja, ni shilingi milioni 15, kabla ya nauli ya ndege na ya basi la kwenda Dar es Salaam, safari inayozidi kilomita elfu moja. Mkulima wa kahawa au maharage atakayeuza ng'ombe na shamba ili apate fedha hizo atakuwa amenunua picha na cheti. Fedha hizohizo zingeweza kununua vifaa vya kujifunzia umeme na mitambo vitakavyotumiwa na shule nzima kwa miaka kadhaa. Ushauri unaofaa kwa wazazi wasio na uwezo mkubwa hauna utata: programu isiyotoa ufadhili kamili iachwe.

Kipimo cha pili ni nani anayeruhusiwa. Programu ya MITES ya chuo hichohicho cha MIT haina ada na ina sifa njema, lakini ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu. Mwalimu asiyesoma masharti hadi mwisho humfanya mwanafunzi wake apoteze miezi akiandika insha ambazo hazitasomwa na mtu.

Kipimo cha tatu ni kile kinachofundishwa. Programu ya uhandisi iliyo ya kweli hutaja walimu wake, hueleza saa za karakana, na humtaka mwanafunzi abuni, ajenge, apime, akosee, arekebishe. Ile inayojaza siku kwa hotuba za uongozi na matembezi ya mjini ni utalii. Hakuna ubaya katika utalii, ila usiitwe uhandisi.

Kipimo cha nne ni kalenda, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Majira ya joto ya Ulaya na Marekani hayakupangwa kwa ajili ya shule za Tanzania. Likizo ya katikati ya mwaka huchukua takriban mwezi mmoja tu. Kidato cha Tano huanza Julai. Wahitimu wa Kidato cha Sita, wamalizapo mitihani ya mwezi Mei, huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Programu ya wiki sita inayoanza mwishoni mwa Juni humtoa mwanafunzi darasani, au hugongana na wajibu wake kwa Taifa. Ruhusa ya maandishi iombwe mapema kwa mamlaka zinazohusika. Isiwe jambo la kuombana radhi mtoto akiwa amekwisha kuondoka.

Kipimo cha tano ni hati za safari. Wilaya hizi zimekaribiana na Burundi, na uhakiki wa uraia huweza kuchukua muda mrefu hata kwa mzalendo asiye na shaka. Cheti cha kuzaliwa, majina ya shuleni na vitambulisho vya wazazi visipolingana, pasipoti hukwama. Juu ya hayo, milango ya wenyeji hufunguliwa na kufungwa wapendavyo. Mwezi Oktoba 2025 Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo waombaji wa viza za matembezi huweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000, na Desemba mwaka huohuo ikatangaza kuzuia kwa sehemu viza kwa raia wa Tanzania, zikiwamo za wanafunzi, kuanzia Januari 1, 2026. Mwenye busara huuliza ubalozini kwanza, ndipo alipe. Kuuliza si ujinga.

Baada ya programu kupimwa, linakuja suala zito zaidi, nalo ni la kumchagua mwanafunzi. Nafasi yenye ufadhili ikifika wilayani, ni rahisi mno ikaishia mezani kwa mkubwa na kuangukia mwanawe au mpwawe, hali mwanafunzi bora wa shule ya kata, anayetembea kilomita nyingi kila asubuhi, hana habari kwamba ilikuwapo. Jambo hilo ni kinyume cha misingi ya usawa ambayo juu yake Taifa hili lilijengwa. Tangazo libandikwe katika kila shule. Jopo la walimu wa hisabati na sayansi kutoka shule mbalimbali litunge jaribio la wazi, lenye swali la nadharia na kazi ya mikono. Matokeo yatangazwe hadharani. Wasichana wahimizwe kwa majina yao, kwa kuwa wengi huambiwa tangu darasani kwamba mitambo si kazi yao, nao huamini.

Mwalimu anayo sehemu yake pia. Barua ya utambulisho ni ushahidi. Inayosema kwamba kijana ni "mtiifu na mwenye bidii" haimsaidii. Inayoeleza jinsi alivyotengeneza redio iliyokufa au alivyorekebisha mtaro wa maji wa shule humfungulia mlango. Na mwalimu akatae kata kata kupokea bakshishi ya wakala kwa kila mwanafunzi anayemwandikisha. Anayepokea bakshishi hiyo amekuwa dalali wa wanafunzi wake mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba kwa nchi yenye maabara chache, kumpeleka kijana mmoja ng'ambo ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni kuanzia nyumbani. Young Scientists Tanzania, iliyoanza mwaka 2011, huwataka wanafunzi wa sekondari kubuni miradi ya utafiti na kuileta kwenye maonyesho, na baadhi ya washindi wake wamewahi kufika Ireland. Chuo cha Ufundi Arusha, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vina karakana ambazo Halmashauri huweza kuomba zipokee wanafunzi wakati wa likizo. Taasisi ya IIT Madras ya India ilifungua kampasi yake Zanzibar mwaka 2023. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, huwalipia masomo ya vyuo vikuu wahitimu bora wa Kidato cha Sita katika sayansi. Ngazi hizo zikipandwa moja baada ya nyingine, safari ya ughaibuni itakuwa ngazi ya juu ya kijana aliyekwisha kujaribiwa, na wala haitakuwa bahati nasibu.

Mwisho, kila anayekwenda afunge mkataba wa heshima na shule yake kabla ya kuondoka. Ataje tatizo moja la kijijini kwake analokwenda kulitafutia maarifa. Akirudi, awafundishe wenzake kwa muhula mmoja katika klabu ya sayansi, na mchoro au chombo alichotengeneza kibaki shuleni. Halmashauri kwa upande wake iitenge karakana hiyo, hata ikiwa chumba kimoja chenye meza, jiliwa na umeme, kwani mjuzi asiye na zana huhama. Viongozi wa Chama na Serikali wa Kibondo na Kasulu wakilisimamia hilo, wilaya zilizowahi kuhesabiwa kwa namba za vibarua zitahesabiwa kwa wahandisi wake.

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijana na aende, ajifunze, aone. Wajibu wa waliobaki ni kuhakikisha kwamba hakutapeliwa njiani, na kwamba atakaporejea atakuta kazi na zana vikimngoja.